Kilwa Kisiwani au Gedi: pa kwenda kwanza ukitaka kuyasoma magofu ya kale

Walimu wa historia huuliza, na familia zenye likizo moja tu pwani huuliza vilevile: tukitaka kuona kasri la kale lililobaki magofu na kujua habari zake, twende Kilwa, kusini mwa Tanzania, au Gedi, karibu na Malindi nchini Kenya? Ukiwa na nusu siku na watoto wadogo, nenda Gedi. Ukiwa na siku mbili, miguu inayostahimili jua na hamu ya kujua ni nani hasa alitawala, nenda Kilwa. Sababu za jibu hilo ndizo zenye faida, maana sehemu hizi mbili hazifundishi jambo moja.

Tuondoe kwanza majengo yanayochanganya watu. Fort Jesus ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593, ni ya Wareno, na imesimama nzima. Ngome Kongwe ya Unguja ni kazi ya Waomani kuanzia mwishoni mwa karne ya 17. Zote zinafaa kutembelewa, lakini anayetaka kuiona pwani ya karne ya 14 na 15, kabla ya mizinga ya Wareno, hataikuta humo. Ataikuta Kilwa, kisiwa jirani cha Songo Mnara, Gedi, na kwa kiasi kidogo Kaole karibu na Bagamoyo.

Jengo la kuonea fahari: Kilwa inashinda

Husuni Kubwa ndiyo inayowapeleka watu Kilwa. Jina linatokana na neno la Kiarabu la ngome, ila ukifika huoni handaki wala minara ya ulinzi. Ni kasri. Lilijengwa kati ya mwaka 1310 na 1333 hivi, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, juu ya genge linalotazama bahari, kiasi cha kilomita 2 mashariki ya mji wa kale. Lina vyumba zaidi ya 100. Upande wa kusini kuna ua mkubwa uliozungukwa na vyumba vingi vya mfanano mmoja, ambavyo wachimbaji wa mambo ya kale wanavihusisha na kuhifadhi na kuuza bidhaa. Upande wa kaskazini, kuelekea bahari, kuna nyua za baraza na makazi, pamoja na birika la kuogea lenye pembe nane. Birika hilo ndilo kila mtu hulipiga picha. Kabla hujalipiga, fikiria namna ya kulijaza: kisiwa hakina mto, na maji matamu hutoka visimani.

Kasri halikukamilika na halikukaliwa muda mrefu. Ukijua hilo mapema, utaacha kujiuliza kwa nini sehemu nyingine zinaonekana kama fundi aliweka mwiko chini akaenda zake. Ng'ambo ya korongo dogo ipo Husuni Ndogo: ukuta mnene wa mstatili wenye minara, na ndani karibu patupu. Ilijengwa kwa kazi gani, wataalamu hawajakubaliana.

Mjini penyewe kuna Msikiti Mkuu. Ukumbi mdogo wa kaskazini ndio wa zamani zaidi, karne ya 11 hadi 12. Sehemu kubwa ya kusini iliongezwa katika karne ya 14, ikaanguka, ikajengwa upya katika karne ya 15 kwa nguzo, matao na kuba. Simama kwenye mlango unaounganisha sehemu hizo mbili, utazame kushoto na kulia. Hapo utaona mji uliopata mali ghafla ukajikuta na msikiti usiowatosha watu wake. Hatua chache kutoka hapo kuna msikiti mdogo wa kuba wa karne ya 15, jengo lililohifadhika kuliko yote kisiwani.

Gedi haina kitu cha kushindana na Husuni Kubwa. Kasri lake ni nyumba kubwa ya mjini: milango ya matao yaliyochongoka, nyua zilizoshushwa chini ya usawa wa vyumba, baraza, na chumba cha akiba kisicho na mlango wa kawaida, ambacho kiliingiwa kwa tundu lililo juu ukutani.

Mji mzima kwa miguu: Gedi inashinda, tena kwa mbali

Gedi iko kilomita 16 hivi kusini ya Malindi, kiasi cha kilomita 6 kutoka baharini, ndani ya msitu. Ukuta wa nje ulizunguka eneo la ekari 45, na ndani yake upo ukuta mwingine uliowakinga wenye nacho. Kasri, Msikiti Mkuu, makaburi na nyumba za mawe vimekaribiana, kiasi kwamba mtoto wa miaka saba anaweza kuvizunguka vyote bila kubebwa. Njia zina kivuli. Kwa saa mbili umeona sehemu muhimu zote na umerudi mara ya pili kwenye ile iliyokupendeza.

Kinachoipa Gedi thamani ya pekee ni nyumba. James Kirkman, aliyechimba hapo kati ya 1948 na 1958, alizipa majina kwa vitu alivyovikuta ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri (zile kombe za baharini), Nyumba ya Bakuli la Kaure, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Ushanga wa Venice. Majina hayo ni somo tosha. Kaure ilitoka China, ushanga Venice, na vyote vikaishia kwenye nyumba ya mtu ambaye jina lake halijulikani. Ukiingia nyumba moja ukaelewa mpango wake (ua wa mbele, ukumbi mrefu mwembamba, vyumba vya kulala nyuma, choo pembeni), nyingine zote utazisoma mwenyewe bila msaada.

Usiache kaburi lenye tarehe. Limeandikwa mwaka 802 Hijria, yaani 1399, na ndilo linalosaidia kupanga umri wa majengo ya jirani. Msikiti Mkuu wenyewe ni wa karne ya 15. Una kisima na birika la kutawadhia, na juu ya mlango mmoja kumechongwa ncha ya mkuki. Watu wengi hupita chini yake bila kuinua macho.

Historia yenyewe: majina upande mmoja, vyombo upande wa pili

Hapa ndipo tofauti inapokuwa kubwa, na kwa maoni yetu ndipo pa kuamulia.

Kilwa ina maandishi. Ina tarikh yake, yaani habari za watawala wake zilizoandikwa, inayoanza na Ali bin al-Hasan wa Shirazi, aliyenunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Ina sarafu za shaba zenye majina ya masultani, na baadhi zimeokotwa mbali hadi visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mwaka 1944. Ina shahidi wa macho: Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika mwaka 1331 na kumsifu Sultani al-Hasan kwa ukarimu wake, uliompa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Chanzo cha mali kinajulikana: dhahabu ya bara, kutoka nchi ya Zimbabwe Kuu, iliyopitia bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo. Hata mwisho unajulikana. Vasco da Gama alikuja mwaka 1502 akadai kodi. Francisco de Almeida akauteka na kuupora mji Julai 1505, akajenga ngome, na Wareno wakaiacha mwaka 1512. Dhahabu ya kodi ile ya Kilwa ilitengenezewa monstransi ya Belém, chombo cha kanisani cha mwaka 1506, ambacho hadi leo kiko makumbushoni Lisbon.

Gedi haina hata ukurasa mmoja wa namna hiyo. Wareno walikaa Malindi, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, karibu karne nzima, na hawakuutaja mji huu katika maandishi yao kwa jina tunaloweza kulitambua. Jina lenyewe la Gedi linaelezwa kuwa la Kioromo na la baadaye; Kirkman alidhani mji uliitwa Kilimani. Uliachwa mapema katika karne ya 17, na sababu zinazotolewa ni kadhaa: maji kushuka visimani, msafara wa Wazimba wa mwaka 1589, Waoromo waliosogea kutoka kaskazini, biashara iliyohama. Mwongozaji akikwambia sababu ni moja tu, mwulize ushahidi wake uko wapi. Wazuri watacheka na kukupeleka kwenye kisima.

Kwa hiyo Kilwa utajifunza historia ya watawala, na Gedi utajifunza watu walivyolala, walivyooga na walivyoficha mali. Mwalimu mwenye darasa la sekondari linalosoma dola za pwani na biashara ya Bahari ya Hindi atapata zaidi Kilwa. Mwenye wanafunzi wa msingi, au msanifu majengo anayetaka kuona mpango wa nyumba, aende Gedi.

Pande zote mbili zina upofu mmoja: mawe hubaki, udongo huondoka. Ibn Battuta alieleza majengo ya Kilwa kuwa ya mbao, na wageni husema alikosea kwa kuwa wameuona msikiti wa mawe. Lakini wakazi wengi wa miji hii waliishi kwenye nyumba za miti, udongo na makuti. Gedi, nafasi kubwa iliyo tupu kati ya kuta mbili ndiko nyumba hizo zilikokuwa. Usiite uwanja.

Kufika, na maji ya bahari

Gedi ni rahisi mno. Panda matatu ya Mombasa–Malindi, shuka kijiji cha Gede, kisha tembea kidogo au chukua bodaboda. Anayetoka Nairobi kwa treni hadi Mombasa anaongeza saa mbili hadi tatu za barabara. Beba kitambulisho, kwani raia, wakazi wa Afrika Mashariki na wageni hulipa viwango tofauti, na uwe na salio la M-Pesa kwenye simu.

Kilwa inahitaji mpango. Kutoka Dar es Salaam ni kilomita 300 hivi kwa barabara ya kusini. Mabasi hupita Mbagala, na Nangurukuru ndiko yanakoacha barabara kuu kuingia Kilwa Masoko. Weka saa tano hadi sita. Wakati wa masika uliza kwanza hali ya barabara eneo la Somanga: Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata njia hapo na magari yakakwama siku kadhaa. Ukifika Masoko, kibali huchukuliwa nchi kavu kabla ya kupanda chombo, na mwongozaji hupatikana hapo hapo. Atakayekwenda pwani moja kwa moja kutafuta nahodha atarudishwa, na asubuhi yake imekwisha.

Kisha maji. Kisiwa kiko kiasi cha kilomita 2 tu kutoka Masoko, dakika 15 kwa mashua ya injini, zaidi kwa tanga. Kinachoharibu safari si umbali. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji ya pwani hii hujaa karibu saa kumi na kupwa karibu saa nne asubuhi, saa ile ile wageni wengi wanayoipenda kuvuka. Matokeo yake chombo husimama mbali, nawe unavua viatu na kutembea kwenye tope na mawe ya matumbawe. Dawa ni mbili: vuka mapema, saa moja kamili, urudi kuanzia saa nane maji yakiwa yanajaa, au chagua siku za maji mafu, ambapo bahari haipwi sana. Muulize nahodha jioni ya kabla, siyo asubuhi ya safari. Kama ana nafasi ya kukushusha upande wa Husuni Kubwa maji yakiwa yamejaa, kubali: utatembea kurudi mjini ukiwa na nguvu, badala ya kuifuata Husuni jua la saa sita likiwa utosini.

Songo Mnara, jirani wa kusini aliyeorodheshwa pamoja na Kilwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1981, iongezwe na mwenye siku ya tatu tu. Nyumba zake za karne ya 14 na 15 zimehifadhika vizuri sana, lakini safari ya chombo ni ndefu na wakati wa kusi bahari huchafuka. Usijaribu kuibana pamoja na Kisiwani ndani ya siku moja. Utakachoona ni mikoko na saa yako.

Kuzisoma kuta, popote utakapokwenda

Mwongozaji akichoka kuzungumza, kuta zinaendelea. Tazama mambo manne.

Upana wa vyumba. Chumba kinaweza kuwa kirefu unavyotaka, lakini upana wake hauzidi sana mita 2.5. Dari la chokaa na mawe lililala juu ya boriti za mikoko, na boriti ndefu kuliko hapo hupinda kwa uzito. Ukikutana na ukumbi mpana, tafuta nguzo au alama za matao. Lazima vipo.

Aina mbili za jiwe. Ukuta wenyewe ni wa matumbawe magumu ya nchi kavu, yaliyopangwa ovyo na kufunikwa lipu. Miimo ya milango, mihrabu na mapambo ni matumbawe laini yaliyokatwa baharini yakiwa mabichi, yakachongwa kabla hayajakauka na kuwa magumu. Yapapase kwa macho tu; kingo zake humomonyoka kwa vidole.

Kibla. Kilwa na Gedi zote ziko karibu kusini kabisa ya Makka, kwa hiyo mihrabu huelekea kaskazini. Ukipotea msituni Gedi, tafuta msikiti wowote, nawe una dira.

Vidaka ukutani na vyoo. Nyumba yenye vidaka vingi na sehemu ya kutawadhia iliyojengwa kwa chokaa ilikuwa ya tajiri. Gedi utaona hili nyumba baada ya nyumba. Kilwa ni vigumu zaidi, kwa kuwa makazi mengi ya kawaida hayajachimbwa.

Panapokosewa

Kosa kubwa Kilwa ni kuchanganya umri wa majengo. Mashua hukushusha karibu na ngome iitwayo Gereza, na mgeni hudhani hilo ndilo kasri la masultani. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505, lakini unachokiona leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya enzi ya Waomani, mwanzoni mwa karne ya 19. Makutani nayo, yenye kuta ndefu upande wa magharibi, katika hali yake ya sasa ni kasri la karne ya 18, Kilwa ilipopata uhai mpya. Ukitaka mfuatano wa wakati, pita Gereza bila kusimama, anza na ukumbi wa kaskazini wa Msikiti Mkuu, nenda Husuni Kubwa, rudi kwenye msikiti mdogo wa kuba, kisha Makutani, umalizie Gereza ukisubiri chombo. Miguu itazidi kidogo, lakini historia itakaa sawa kichwani.

Kosa la pili Kilwa ni kusahau kwamba watu wanaishi hapo. Kisiwani ni kijiji. Vaa nguo ya kufunika mabega na magoti, wapigie wazee hodi na shikamoo unapopita uani kwao, na usimpige picha mtu bila kumwomba. Beba maji lita mbili kwa kila mtu na pesa taslimu kutoka Masoko.

Gedi wabaya wako ni kima na mbu. Chakula kwenye mfuko wa plastiki hakifiki kasri; kiache garini. Baada ya mvua, mawe yenye kuvu huteleza, na ndala hazifai. Mizizi ya miti imepasua kuta kadhaa, kwa hiyo asipande mtu juu yake hata kama picha ingependeza. Kilwa adui wa majengo ni mawimbi yanayokula ufuo. Uharibifu wa aina hiyo ulisababisha iwekwe kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014. Gedi imeingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024 tu, kwa hiyo tarajia makundi makubwa zaidi kuliko zamani. Ingia asubuhi milango inapofunguliwa.

Jambo la mwisho ni vitu vilivyochimbuliwa. Gedi ina makumbusho yake pale pale: angalia vigae na shanga kwanza, ndipo uende kwenye nyumba vilikotolewa. Kilwa, vitu vingi haviko kisiwani. Anayepita Dar es Salaam aingie Makumbusho ya Taifa siku moja kabla, aone sarafu na kaure za Kilwa, na kisha apande basi.

Kwa asiyewahi kuona magofu yoyote, na mwenye uwezo wa kwenda kote kwa miaka miwili tofauti, tungemwambia aanze Gedi. Atajifunza nyumba ya mawe ilivyokaa, chumba baada ya chumba, bila kupambana na bahari. Mwaka unaofuata, akisimama kwenye ua wa kusini wa Husuni Kubwa, ataona mara moja kwamba vyumba vile vilivyojipanga mstari, visivyo na vidaka wala choo, havikuwa vya kulala.